Droo Arobaini

Januari, Kibuye. Mabati yanalia ti! ti! kwa joto.
Wazazi wa kidato cha kwanza wamepanga foleni ya masanduku
na mimi, fundi wa jua kali,
najua leo kwa nini tulipewa jina hilo.

Ndipo alipokuja Daktari Liao na karatasi iliyokunjwa mara nne.
Anataka kabati la chuma, droo arobaini,
kila moja upana wa kiganja.
Za nini? Za mizizi. Za mbegu. Za maganda ya machungwa.
Nikamtajia bei. Hakushtuka.
Alikuwa akiitazama soda yangu,
baridi hadi chupa inatoka jasho kuniliko.

Akanishika kifundo cha mkono kwa vidole vitatu,
kama fundi anayetafuta ufa kwenye bomba.
Odembo, mwanagenzi wangu, akaacha kugonga.
"Unalala?" Silali.
"Unakasirika?" Muulize Odembo.
"Moyo unakwenda mbio bila kukimbizwa?"
Nikanyamaza.
Tangu Agosti, tangu tulipomzika Ajwang',
usiku moyo unagonga patasi
na hakuna aliyeupa kazi.

Kwao, akasema, majira ya joto ni mali ya moto,
na moto hukaa moyoni.
Jasho ni maji ya moyo, usiyamwage ovyo,
wala usiuzime moto kwa barafu:
tumbo ni chungu jikoni, na chungu cha moto
ukikimwagia maji baridi...
"Hupasuka," nikamalizia. Hata chuma hujikunja.

Basi ninywe maji ya ndengu, vuguvugu.
Nile tikiti maji mpaka kwenye weupe wa ganda.
Nichelewe kidogo kulala, niamke na ndege,
na saa saba mchana nijinyooshe, dunia haitaibiwa.
Nisigombane jua likiwa utosini.
Na kila siku nile kichungu.

"Uchungu ninao nyumbani, debe zima."
"Huo ni mbichi," akasema. "Haujapikwa."

Kwao kuna tunda la vinundu, mgongo wa mamba mtupu;
alilipata kwa Wahindi, bei ya kuku.
Nikamtuma Odembo ng'ambo ya barabara kwa Mama Aloo,
akarudi na osuga, mitoo, akeyo,
mafungu matatu kwa shilingi hamsini.
Daktari akatafuna jani bichi la akeyo,
akafumba macho, akasema neno la kwao
lisilohitaji mkalimani.

Kalenda ndiyo ilimsumbua.
Vitabu vyake vinasema joto ni mwezi wa sita;
mwezi wa sita hapa watoto huenda shule na sweta.
Akatoa daftari, akaandika kwa penseli:
Kisumu, moto, Januari na Februari.
Akaongeza mstari chini yake. Akaufuta.

Jioni nilichambua osuga peke yangu.
Ajwang' alikuwa akiilaza kwenye maziwa siku mbili,
akiibembeleza mpaka iwe mpole,
na mimi, mdomo wangu huu, nikisema bado ni chungu.
Nusu pakiti ya maziwa ilikuwepo.
Nikaishika. Nikairudisha.
Nikala mboga ile kavukavu na ugali,
jasho likinitoka
hata mahali ambapo jasho halitoki.
Usiyamwage ovyo, alisema.
Haikuwa ovyo.

Usiku ule sikulala, nisidanganye.
Ila niliamka na ndege,
na hadi saa nne sikuwa na ugomvi na mtu,
Odembo aliponiunguza kidole.

Droo thelathini na moja ziko tayari.
Ya thelathini na mbili imepinda, joto hili.
Nitaipiga tena kesho, asubuhi, kabla ya jua.